Mheshimiwa Ostvig na Muswada wa Misuko

Nyinyi vijana mnaokuja kunitembelea hapa Eagan huwa mnaanza kwa adabu. Mnakunywa chai, mnasifu maandazi, mnauliza goti langu linaendeleaje. Halafu mmoja wenu, kwa kawaida yule anayesomea siasa, uvumilivu unamwishia: "Lakini mama, uliwezaje kufanya kazi na wale watu?" Wale watu ni wahafidhina. Anawataja kana kwamba nilikuwa nawafuga.

Niliwafanyia kazi, ndiyo. Au tuseme nilimfanyia mmoja, Mheshimiwa Delmar Ostvig, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota katika miaka ya tisini, aliyewakilisha vitongoji vya magharibi ya Minneapolis. Msinihurumie. Nilikuwa nimemaliza chuo, na kazi niliyokuwa nayo ilikuwa kuwageuza vikongwe vitandani katika nyumba ya wazee. Nikasikia kuna mbunge kule Saint Paul, makao makuu ya jimbo, anatafuta katibu na hapati, kwa sababu waliokuwa wanakubaliana naye walitaka mshahara mkubwa, na wasiokubaliana naye hawakutaka kuonekana wakiingia mlangoni kwake. Mimi sikuwa na kundi, nilikuwa na kodi ya nyumba. Nikaenda.

Nilimkuta peke yake ofisini, anakula mkate wenye dagaa wa kopo. Aliniuliza kama nachapa haraka, kama huwa nalia watu wakinifokea kwenye simu, na nina maoni gani kuhusu kodi za serikali. Nikamwambia baba yangu alikuwa mkusanya kodi Morogoro, na katika utoto wangu wote hakuna mtu aliyewahi kutualika harusini. Alimaliza kutafuna. Kisha akasema nitaanza Jumatatu. Labda ndiyo sababu jina langu, Mwanaidi, lilimgeukia mdomoni likawa Mandei, yaani Jumatatu. Aliniita hivyo mpaka mwisho, hata siku za Ijumaa.

Huyu bwana kabla ya siasa alikuwa na duka. Majira ya joto aliuza mashine za kukatia majani, majira ya baridi akauza za kusukuma theluji. Aliamini serikali ina kazi tatu: kusafisha barabara, kukamata wezi, na kunyamaza. Mengine yote aliyaita mapambo. Alipiga kura ya hapana kwa vitu vingi sana hivi kwamba wenzake walipomsikia akisema ndiyo waligeuka kuangalia kama ni mgonjwa.

Kazi yenyewe sikufundishwa na yeye. Nilifundishwa na Marge, katibu mkongwe wa ofisi ya jirani, mwanamke mwembamba aliyevuta sigara nje kwenye baridi ambayo ingemuua ng'ombe. Marge ndiye aliyenipa elimu ya simu, nami nawapa nyinyi bure. Mtu akipiga simu anafoka, usimkatize na usimjibu. Mwache amalize pumzi. Kisha muulize anakaa mtaa gani. Mtu mwenye hasira akitaja mtaa wake hasira inapungua, kwa sababu anakumbuka ana nyumba, ana majirani, na pengine jirani yake anasali kanisa moja na mama yako. Ukishajua mtaa, muulize habari za mashimo ya barabarani. Hakuna mtu wa Minnesota anayeweza kufoka kuhusu itikadi na mashimo kwa wakati mmoja. Atachagua mashimo.

Mheshimiwa naye alinifundisha milango. Kampeni hapa haifanywi kwa maspika juu ya gari. Inafanywa kwa miguu, mlango kwa mlango, kwenye joto la Julai, na mbu ambao nawaona wana afya kuliko wa kwetu. Usikanyage majani ya mtu, pita njia yake ya saruji. Ukifungua geti, lifunge. Ukishabonyeza kengele rudi nyuma kidogo, mwenye nyumba asione pua yako kabla ya uso wako. Na chunguza uwanja kabla ya kuingia. Hili la mwisho tulijifunza kitongoji cha Hopkins, nyumba moja yenye bwawa, pale bata bukini mwenye vifaranga alipomwona Mheshimiwa na kukataa sera zake zote. Alimkimbiza uwanja mzima hadi barabarani, shingo imenyooka, anatoa sauti kama tairi linalovuja. Sijawahi kumwona mhafidhina akielekea kushoto kwa kasi ile.

Mitambo nayo ilitubadilikia mikononi. Nilianza na mashine ya faksi iliyotafuna karatasi, nikaja kuona barua pepe ikiingia. Marge alituhakikishia itapita kama suruali za miguu mipana. Mheshimiwa hakuibishia, ila aliniamuru nizichape zote kwenye karatasi, akazijibu kwa kalamu, nami nikayaingiza majibu yake kwenye kompyuta na kuyatuma. Mtu aliyeandika kwa sekunde alijibiwa baada ya wiki, na wengi walituandikia kushukuru kwa haraka yetu.

Sasa niwaambie kuhusu nywele, maana nyinyi mnadhani siasa ni hotuba.

Asubuhi moja ya Januari niliingia ofisini nikiwa nimesuka. Ijumaa nilitoka na nywele fupi za kuchana, Jumatatu nikarudi na misuko midogomidogo iliyofika kiunoni. Mheshimiwa alinitazama, akanisalimu kwa heshima sana, akaniuliza kama Mandei anaumwa na mimi nimetumwa na nani kushika nafasi yake. Nilipocheka akanitambua kwa meno. Basi udadisi ukamshika. Alitaka kujua nywele hizo zimeotaje mwishoni mwa juma, nani kazifanya, wapi. Nikamweleza kuhusu rafiki yangu Njeri, Mkenya, aliyesukia watu sebuleni kwake Hopkins. Nikamwambia pia nimemuwahi kabla hajafunga kazi, kwa sababu mkaguzi wa serikali alikuwa amekuja mlangoni kwake na kumpa chaguo: aache kusuka, au aende chuo cha urembo zaidi ya mwaka mzima apate leseni.

"Chuoni watamfundisha kusuka hivi?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Watamfundisha kukata, kupaka rangi, kunyoosha kwa dawa na kusugua kucha. Kusuka hawakuwa na mwalimu.

Alisimama, akaenda dirishani, akaangalia zile sanamu za farasi wa dhahabu juu ya paa la jengo la Bunge ng'ambo ya barabara. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kutoka chini kwenda juu, kama kipimajoto. Nilijua kuna muswada unakuja.

Alitaka kuona kwa macho yake. Jumamosi nikampeleka Hopkins, ghorofa ya pili ya nyumba za kupanga za zamani, kwenye ukumbi unaonukia vitunguu vya kila taifa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, maana watu wa hapa kwa hilo ni kama sisi, na soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Ndani kulikuwa na wanawake watatu na televisheni inayopiga kelele. Njeri alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, kitana mdomoni. Akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Nairobi: "Dada, sasa huyu mzee amekuja kutafuta kura ama amekuja kusukwa?"

Sikutafsiri. Lakini kilichofuata alikisema kwa Kiingereza mwenyewe, wala hakuacha kusuka. Alisema amemsikia Mheshimiwa kwenye redio akitaka wageni wakatiwe msaada wa serikali. Je, alisema hivyo au redio ilimsingizia?

Hata yule aliyekuwa anasukwa aliacha kutikisa mguu. Mimi nilikuwa tayari na jibu laini, kwa sababu majibu laini ndiyo niliyoajiriwa kuyatengeneza. Mheshimiwa akanitangulia. "Nilisema," akajibu. "Nilipiga kura hivyo, na nitapiga tena."

Njeri alitoa kitana mdomoni. "Mimi sijawahi kuomba serikali yenu kitu," alisema. "Naomba iniondokee tu."

"Basi tunaomba kitu kimoja," akasema Mheshimiwa.

Njeri alimwonyesha kiti. Akakaa mchana wote. Alikula chapati, akauliza maswali kuhusu uzi na mafuta, akajaribu kusuka msuko mmoja kwenye kichwa cha mwanasesere, ukatoka kama kamba ya kufungia mbuzi. Tulipotoka, Njeri aliniambia pembeni kwamba hampendi lakini anamwamini, na kwamba hajui kwa nini hiyo inamkera zaidi.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi kuliko orodha ya sokoni: anayesuka nywele tu, bila dawa wala mkasi, asidaiwe leseni. Mnaweza kudhani kitu hicho kingepita kama maji. Lakini mjue kwamba msimamizi wa kampeni za Mheshimiwa, aliyepanga kila mkutano na kuwajua wajumbe wote wa chama kwa majina ya watoto wao, alikuwa dada yake wa tumbo moja, Arlene. Na Arlene alikuwa na saluni yenye leseni, kitongoji cha Saint Louis Park.

Alikuja ofisini akiwa na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, maana watu hawa hata wakija kukugombeza hawaji mikono mitupu. Alifunga mlango. Sikusikia sauti ikipanda. Katika familia ile sauti hazikuwa zinapanda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliniambia bakuli nitalirudisha nikipata nafasi, akaondoka.

Kamati ilikaa mwezi wa Februari. Hapo nina fundisho kwa yeyote kati yenu atakayewahi kumpeleka shahidi bungeni: usimwandikie hotuba. Mimi nilimwandikia Njeri hotuba nzuri, akaikariri akiwa kwenye basi, akaifanyia mazoezi mbele ya wanawake wote wa ghorofa ya pili. Alipokaa kwenye ile meza kipaza sauti kikapiga mluzi, na hotuba yote ikamtoka kichwani. Mwenyekiti, Mheshimiwa Pruitt wa chama cha upande wa pili, akamwambia asiwe na wasiwasi. Njeri akasema, "Nimesahau nilichotaka kusema. Nina watoto wawili na kazi hii ndiyo ninayoijua. Naomba mniache niifanye." Akainuka akarudi kiti chake cha nyuma, akajifunika uso na skafu.

Kisha akaitwa Arlene, kupinga. Alikuwa amevaa sketi ya kanisani. Aliwaambia wajumbe jinsi alivyosoma chuo cha urembo wakati mumewe anaumwa, alivyosafisha ofisi za watu kabla ya darasa, alivyosimama kutwa mpaka miguu ikavimba, ili apate haki ya kutundika leseni ukutani. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba sheria iliyomtesa yeye haiwezi kumwachia mwingine apite.

Utaratibu wa Bunge unataka mjumbe amwulize shahidi kupitia kwa mwenyekiti, kwa heshima zote. Kwa hiyo Mheshimiwa, aliyelala chumba kimoja na mwanamke huyu utotoni, akasafisha koo na kusema: "Mwenyekiti, na Bi. Shahidi. Katika mafunzo yako yote, uliwahi kufundishwa kusuka nywele kama za msaidizi wangu?"

Watu wote waligeuka wakaniangalia kichwa. Nilitamani kofia.

Arlene angeweza kulizunguka swali. Mshawishi aliyelipwa na wenye saluni alikuwa amekaa nyuma yake, na alikuwa amemfundisha kuzunguka. Lakini alimwangalia kaka yake na kusema, "Hapana. Hata siku moja." Halafu, bila kupitia kwa mwenyekiti yeyote: "Na wewe Delmar unajua niliteseka kiasi gani."

Muswada ukapita kwenye kamati kwa kura moja, ukapita kwenye Baraza, ukaenda Seneti. Kule ukawekwa chini ya miswada mingine, mahali ambapo miswada hulala kama viatu vya msimu uliopita. Ile kura moja ya kamati ilikuwa ya Mheshimiwa Pruitt, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukubaliana na Mheshimiwa wangu hata juu ya hali ya hewa.

Njeri aliacha kusuka. Mkaguzi alikuwa amerudi. Akachukua zamu mbili katika nyumba ya wazee, na nilipompigia simu alikuwa anasinzia katikati ya sentensi.

Aprili ikafika, na mkutano wa chama wa kuteua mgombea. Viongozi walimwita Mheshimiwa kwanza. Aliniambia walichosema tukiwa tunapita kwenye lile handaki la chini linalounganisha ofisi na jengo la Bunge, ambalo watu wa hapa hulitumia miezi sita ya mwaka kama panya fuko. Kama ataandika mwenyewe kuomba muswada uondolewe, wangeongea na Arlene, na wajumbe waliomfuata wangerudi kwa Mheshimiwa. Kama hataki, kuna kijana mwuza bima anayesubiri.

Nilimshauri auondoe. Nilimwambia ukweli kwamba kule Seneti umeshakufa, kwamba Njeri hatasaidiwa na maiti ya muswada, na kwamba akipoteza kiti sote wawili tunapoteza kazi. Aliendelea kutembea. Mabomba ya handaki yalikuwa yanagonga juu yetu.

"Mandei," alisema, "nimepita milangoni miaka yote nikiwaambia watu serikali ijiondoe njiani. Kama nilikuwa na maana ya njia yangu tu, basi sikuwahi kuacha kuuza mashine."

Wanangu, mimi sikumpigia hata kura moja maishani mwangu, na uraia nilipoupata nilizipeleka kura zangu kwa chama cha pili. Lakini siku ile nilitembea nyuma yake kwenye handaki nikiwa na fahari ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, wajumbe wamekaa chini ya vikapu vya mpira. Arlene hakusema neno baya juu yake. Alikaa tu upande wa pili wa ukumbi. Wajumbe walioingia walimtafuta kwa macho, wakaona alipokaa, wakaenda kukaa karibu naye kama walivyozoea. Kufikia wakati wa kupiga kura matokeo yalikuwa yanaonekana kwa viti. Yule mwuza bima alishinda. Mheshimiwa alimpa mkono, akamwambia achunguze nyua kabla ya kuingia, na kijana akadhani ni mafumbo ya siasa.

Tulifunga ofisi yake kwa maboksi machache, maana mtu asiyependa karatasi za serikali huwa hazikusanyi. Hakutoa hotuba. Alinipa dagaa waliobaki.

Sikukaa bila kazi. Wiki hiyohiyo Mheshimiwa Pruitt alinitumia Marge kuniuliza kama nitaweza kufanya kazi na wapenda kodi. Nikavuka korido na kiti changu kilekile, kikazungushwa tu kikaangalia upande mwingine. Wapo walioniita msaliti, na niliwauliza wanakaa mtaa gani.

Kikao kilichofuata Pruitt aliuchukua ule muswada, akafuta jina la Ostvig, akaandika lake, akaupeleka tena. Katika siasa huo si wizi, ni pongezi. Alikuwa na marafiki Seneti ambao Mheshimiwa hakuwahi kuwa nao, akakubali wasusi wahudhurie mafunzo mafupi ya usafi, na muswada ukapita ukatiwa saini.

Nilimpigia simu Delmar nyumbani kabla ya kumpigia mtu mwingine. Nikamwambia umepita. Akauliza kwanza wameongeza nini, maana aliijua serikali. Nikamwambia kuna mafunzo ya saa chache. Akaguna, akasema ndivyo inavyoanza.

Halafu nikasikia amegeuka pembeni, anaongea na mtu mwingine jikoni kwake. "Umepita," alisema. Kiti kikasogezwa, simu ikabadilishwa mkono, na sauti iliyokuja ilikuwa ya Arlene. Sikuwa najua kama siku hizi wanaongea. Hakunieleza, nami sikuuliza. Alisema kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajabadili mawazo, kwamba msaidizi wake mmoja amehamia Arizona, kwamba wateja wamekuwa wakimuuliza habari za misuko na yeye hana la kuwajibu, na kwamba nimwambie yule mwenzangu ana kiti kitupu cha kumkodisha, kizuri, karibu na dirisha.

Nilimfikishia Njeri kwa simu. Nilimsikia anavuta makamasi, nikadhani analia, na huenda alikuwa analia.

"Dirishani?" akasema. "Na hii baridi ya Minnesota? Mwambie mimi nataka kile cha karibu na hita."

Akapewa.